Kuhifadhi parachichi na matunda mengine kwa dawa za mimea: mwongozo kwa wachumaji na wauzaji wa Bukavu

Parachichi lililochumwa Jumatatu kule Kabare, likiwa gumu na lenye ngozi safi, linaweza kufika Ijumaa kwenye meza ya soko la Kadutu likiwa na madoa meusi yanayozama hadi ndani ya nyama yake, na muuzaji akaapa kwamba lilikuwa zima alipolinunua. Hasemi uongo. Ugonjwa ulikuwamo ndani ya tunda tangu shambani, ila ulikuwa umelala. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuufanya uendelee kulala kwa siku chache zaidi, kwa kutumia vitu vinavyopatikana katika masoko yetu, kama karafuu, mshubiri, wanga wa muhogo na bikarbonati ya kupikia, bila kutegemea friji, kwa kuwa umeme wa kukatika kila siku haufai kutunzia mzigo wa mtu. Nitazungumzia zaidi parachichi, ambalo hapa kwetu huitwa avoka, kwa sababu ndilo ninalolifanyia biashara, na matunda mengine nitayagusa pale yanapohitaji kazi tofauti.

Kwanza, elewa dawa iliyomo ndani ya tunda

Ugonjwa unaoongoza kuharibu parachichi na maembe baada ya kuchumwa ni chule, unaoletwa na kuvu wa jamii ya Colletotrichum. Mvua inaponyesha, matone huzirusha mbegu za kuvu huyo kutoka kwenye vijiti vikavu na majani yaliyokufa, zikaangukia matunda machanga. Mbegu huota, hujishikiza kwenye ngozi, hupenya kidogo katika tabaka la nta, kisha husimama hapo kwa wiki nyingi bila kufanya lolote linaloonekana kwa macho.

Kinachozisimamisha mbegu hizo ni kemikali inayotengenezwa na tunda lenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Israeli wakiongozwa na Dov Prusky walionyesha kwamba ngozi ya parachichi bichi ina mafuta maalumu ya kundi la dieni, ambayo ni sumu kwa kuvu huyo. Tunda linapoiva, kimeng'enya kilichomo ndani yake huyavunja mafuta hayo, na kiasi chake kinapopungua vya kutosha, kuvu huamka na kuanza kula. Ndiyo maana parachichi gumu huonekana halina ugonjwa, na lililolainika huonekana limeugua kwa usiku mmoja. Kwa hiyo kila jambo linaloharakisha kuiva, liwe ni jua kali, kuchubuliwa, au kukaa karibu na ndizi mbivu, linaiharibu kinga hiyo, na hakuna maji ya karafuu yanayoweza kuirudisha. Dawa ya kupaka huja baadaye, kama msaidizi.

Kuchuma

Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa tu, na kuiva huanza baada ya kuchumwa. Kabla ya kuvuna mti mzima, chuma matunda 2 au 3 ya ukubwa wa kawaida na uyapasue. Ikiwa ganda la mbegu ni jembamba, kavu na la rangi ya kahawia, mti uko tayari, lakini ikiwa bado ni nene, jeupe na limeng'ang'ania nyama, subiri, kwa kuwa tunda changa hunyauka na kuwa kama mpira badala ya kulainika.

Usichume kukiwa na umande wala mara tu baada ya mvua. Katika majira yetu ya mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, hilo lina maana ya kusubiri hadi saa nne au saa tano asubuhi, majani yakauke. Mkato mbichi ukiloa maji yanayotiririka kutoka kwenye majani, mbegu za kuvu huingia kwa mlango uliofunguliwa. Tumia mkasi au kisu kikali kilichooshwa, na uache kikonyo cha nusu sentimita hivi. Kikiwa kirefu zaidi kitachoma tunda la jirani, na kiking'oka chote kitaacha shimo ambamo uozo wa upande wa kikonyo huanzia. Kwa matawi ya juu, tumia ufito mrefu wenye mfuko wa kitambaa na kisu nchani. Kutikisa matawi ili matunda yaanguke kunaokoa nusu saa na kupoteza nusu ya mzigo.

Nalisema hilo kwa sababu nililipia. Msimu wangu wa pili nilituma magunia manne ya avoka Goma kwa boti ya usiku, yote yameoshwa kwa maji ya karafuu, nami nikiwa na uhakika kwamba nimefanya kila kitu. Sikuwa nimeuliza yalichumwaje. Asubuhi mteja wangu alifungua gunia la kwanza, akabonyeza tunda moja kwa kidole gumba, kidole kikazama hadi kwenye ukucha upande mmoja huku upande mwingine ukiwa bado mgumu kama jiwe. Akaniambia kwa simu: "Papa, hizi avoka zimekufia mu mufuko." Yalikuwa yameangushwa chini kutoka juu ya mti, kisha abiria wakayakalia njia nzima. Karafuu ilikuwa imepakwa juu ya matunda ambayo tayari yalikuwa na majeraha.

Kuchambua

Panga matunda katika mafungu matatu: yasiyo na jeraha, yenye michubuko midogo, na yaliyopasuka au yenye madoa. Fungu la kwanza pekee ndilo linalostahili dawa na kuhifadhiwa. La pili liuzwe karibu, siku hiyo hiyo au kesho yake, na la tatu liende jikoni au shimo la mbolea, mbali na kivuli unachofungia mzigo, kwa sababu tunda moja bovu huwarushia wenzake mbegu za kuvu na pia gesi ya ethilini inayowaivisha.

Kuosha

Maji ya kuosha yawe masafi ya kunywa, na yabadilishwe mara yanapoanza kuwa na rangi ya udongo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba maji yanapaswa kuwa na joto la juu kidogo kuliko la tunda lenyewe. Tunda lililoshinda juani likitumbukizwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani yake husinyaa, na maji pamoja na vijidudu vyake huvutwa ndani kupitia kikonyo. Yaache matunda yapoe kivulini kwanza, kisha uyaoshe kwa maji yenye uvuguvugu.

Wapo wanaotia zhaveli, yaani maji ya klorini ya kufulia nguo, katika maji ya kuosha, na wapo wanaotia siki. Chagua kimoja tu, na kamwe usichanganye viwili hivyo katika beseni moja, kwa sababu zhaveli ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Usitumie pia bidoni, yaani dumu, lililowahi kubeba dawa za shambani, hata likioshwa mara kumi.

Maji ya moto, kwa maembe

Maembe yanayopanda Bukavu kutoka Uvira na bonde la Ruzizi yana chule ile ile iliyolala, na kwa hayo joto hufanya kazi nzuri kuliko dawa yoyote ya mimea ninayoijua. Embe gumu lililokomaa huzamishwa katika maji ya nyuzi 52 za Selsiasi kwa dakika 5, kisha hupozwa na kukaushwa. Joto hilo huwaua kuvu waliomo katika ngozi bila kuipika nyama, ila nafasi ya kukosea ni ndogo: nyuzi chache chini hazifanyi kitu, nyuzi chache juu huacha ngozi yenye makovu ya kahawia.

Kipimajoto cha homa hakifai, kwani huishia kwenye nyuzi 42. Tafuta cha jikoni. Kwa kuanzia, kumbuka kwamba Bukavu iko katika mwinuko wa takriban mita 1,500, na hapa maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi badala ya 100. Vipimo 3 vya maji yanayochemka vikichanganywa na vipimo 4 vya maji ya bomba yenye nyuzi 20 hukupa karibu nyuzi 52. Beseni na maembe yenyewe vitanyonya sehemu ya joto hilo, kwa hiyo tia matunda machache katika maji mengi, lita 4 au zaidi kwa kila kilo, na uwe na birika la moto pembeni la kuongezea, ukimimina mbali na matunda huku ukikoroga. Parachichi usilifanyie hivi. Ngozi yake huharibika kwa urahisi, na faida haifikii hasara.

Maji ya karafuu

Karafuu ina mafuta mengi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, kemikali inayotoboa utando wa seli za kuvu na kuzifanya zivuje. Mdalasini una kemikali nyingine yenye nguvu ya namna hiyo, na mwaka 2002 watafiti wa Sri Lanka walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mafuta ya viungo hivi viwili huzuia kuvu wanaoozesha vikonyo vya ndizi. Mchaichai nao una sitrali, lakini ukichemshwa kama chai hubaki na kidogo sana. Kitunguu saumu kina alisini, ambayo hutokea tu kinapopondwa na hupotea upesi, huku harufu yake ikibaki kwenye tunda. Mnunuzi atanusa, atarudisha, na hutamlaumu.

Ili kupata maji ya karafuu, saga gramu 30 za karafuu kavu, zitie katika chombo chenye kifuniko, mimina lita 1 ya maji yaliyotoka kuchemka, ufunike mara moja na uache hadi asubuhi. Kufunika si urembo: ile harufu nzuri inayojaza jikoni ndiyo dawa yenyewe, na ukiisikia chumba kizima ujue imeshatoka ndani ya sufuria. Chuja kwa kitambaa safi. Zamisha matunda yaliyokauka kwa dakika 2 au 3, yatoe, yaweke juu ya uchaga wa mianzi yakiwa hayagusani, na uyaache yakauke kwa upepo bila kuyafuta. Maji hayo yatumike siku hiyo hiyo, kwani yakilala siku mbili huanza kuota ukungu yenyewe.

Usitarajie makubwa mno. Eujenoli huyeyuka kidogo sana katika maji, gramu 2 na nusu hivi kwa lita kwa upeo, na maabara nyingi zinazosifu karafuu zilitumia mafuta yaliyokamuliwa. Mafuta hayo ukiyapata, usiyapake yakiwa matupu. Huunguza ngozi ya tunda na ya mkono wako, na kijiko kimoja kikinywewa na mtoto ni hatari kwa maisha yake, kwa hiyo chupa ikae juu na ifungwe. Kiasi cha kuanzia ni mililita 1 kwa lita 1, na kwa kuwa mafuta huelea juu ya maji, njia nzuri ni kuyachanganya katika uji wa wanga ninaoueleza hapa chini.

Kuna mmea mmoja ambao lazima niukataze kwa jina, nao ni utupa, ambao watu hutumia kulevya samaki na kulinda maharage ghalani. Una rotenoni, ambayo ni sumu ya kweli. Usiuweke juu ya tunda litakaloliwa, na majani ya tumbaku vilevile.

Ngozi ya pili: wanga au mshubiri

Tunda lililochumwa bado linapumua, na kadiri linavyopumua kwa kasi ndivyo linavyoiva na kunyauka. Utando mwembamba wa chakula juu ya ngozi hupunguza upumuaji na upotevu wa maji, na hivyo huirefushia kinga yake ya asili muda wa kukaa.

Wanga wa muhogo hutengenezwa nyumbani. Unga wa kawaida wa fufu haufai, kwa kuwa una nyuzinyuzi. Chukua muhogo mbichi, uukune, uuoshe ndani ya kitambaa juu ya beseni la maji, uache maji yatulie saa 3 au 4 hadi wanga mweupe ukae chini, umwage maji ya juu, urudie mara mbili, kisha uanike. Chukua gramu 25 za wanga huo, uzikoroge katika lita 1 ya maji baridi, uweke kwenye moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha hadi uji ugeuke kutoka weupe wa maziwa na kuwa angavu. Uache upoe hadi mkono uvumilie bila shida. Kama una mafuta ya karafuu, tia ile mililita 1 sasa, mimina katika chupa, funga na utikise kwa nguvu hadi matone yasionekane. Zamisha matunda kwa dakika 1 na uyaanike kivulini.

Utando mzuri hauonekani wala haubanduki. Ukiuona ukimetameta kama plastiki au ukichanika unapobonyeza tunda, uji ulikuwa mzito, nalo tunda litakosa oksijeni, lichachuke ndani na kutoa harufu ya kasiksi, yaani pombe ya ndizi, na hilo ni kosa baya kuliko kutopaka kitu. Punguza wanga hadi gramu 20.

Anayeotesha mshubiri uani anaweza kutumia ute wake. Kata majani ya nje yaliyokomaa, uyasimamishe kwa robo saa huku mkato ukitazama chini ili utomvu wa manjano udondoke, kwa sababu utomvu huo huharisha. Menya, toa ute mweupe, usage, uuchuje, uupashe moto hadi nyuzi 70 hivi, kisha uupoze na kuutia maji ya ndimu ili usigeuke rangi. Ute huu unafaa hasa kwa matunda yenye ngozi laini. Kwa parachichi mimi hurudi kwenye wanga, kwa kuwa mashubiri ya uani kwangu hayatoshi hata kikapu kimoja.

Kuna pia kitosani, inayotengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa, ambayo hufunika tunda na papo hapo huliamsha lijitengenezee kinga zaidi. Umoja wa Ulaya uliikubali mwaka 2014 miongoni mwa vitu vya kawaida vya kulindia mimea. Katika maduka ya hapa sijawahi kuikuta.

Machungwa, ndimu na ndizi

Machungwa huharibiwa na ukungu wa kijani na wa buluu, unaoingia kwenye mikwaruzo. Yazamishe kwa dakika 2 katika maji ya uvuguvugu yenye gramu 30 za bikarbonati kwa lita, uyasuuze kidogo, uyakaushe. Ndizi zina tatizo lao kwenye kitako cha chane: kata kwa kisu safi, uache kitako ndani ya maji hadi utomvu umalizike kutoka, kisha chovya kitako peke yake katika maji mazito ya mdalasini na karafuu.

Kuweka na kusafirisha

Weka mzigo mahali penye kivuli, upepo na giza, katika makasha yasiyo na kina, safu mbili za matunda kwa upeo. Majani ya migomba ni matandiko mazuri, ila hubeba kuvu wale wale, kwa hiyo yababue motoni kwanza hadi yalegee, uyafute, ndipo uyatandike. Avoka ngumu zikae chumba kingine, mbali na ndizi mbivu na avoka zilizolainika, isipokuwa mteja anataka za kula kesho. Hapo ziweke pamoja kwa makusudi.

Sanduku la mkaa unaolowanishwa, lenye kuta mbili za waya na mkaa katikati, hupoza vizuri kuanzia Juni hadi Agosti, hewa inapokuwa kavu. Katika mvua za Novemba maji hayakauki kwenye mkaa, na kisichokauka hakipozi.

Kwenye boti au lori, makasha na siyo magunia. Najua kasha ni ghali na gunia hukunjwa likarudi mfukoni. Piga hesabu ya matunda uliyotupa safari iliyopita, ndipo uamue.

Kujaribu kabla ya kununua karafuu ya kilo

Chuma matunda 20 ya mti mmoja, siku moja, yasiyo na jeraha. Yazamishe 10 katika dawa uliyoichagua na 10 katika maji matupu, kwa muda ule ule, uyakaushe sawasawa na kuyaweka rafu moja. Bandika kipande cha karatasi chenye namba kwenye kila tunda, na mtu mwingine ndiye ajue namba zipi zina dawa, maana jicho la mwenye dawa hupendelea. Kila asubuhi bonyeza taratibu karibu na kikonyo, na tunda linapolainika andika tarehe, ulipasue, uandike kama lina doa na limeingia ndani kiasi gani. Yakishaisha yote 20, linganisha mafungu mawili. Ukiona tofauti ya tunda moja au mawili tu, rudia kwa mti mwingine kabla ya kuamini. Na kama jaribio la kwanza ulilifanya Julai, lifanye tena Novemba, kwa sababu tunda la kiangazi na tunda lililonyeshewa miezi miwili halibebi mzigo ule ule wa kuvu, na dawa iliyotosha kwa la kwanza huenda isitoshe kwa la pili.